Jina Lililobaki Mwisho wa Mstari

Mwaka 2011 kazi yangu ilikuwa kuficha majina ya watu.

Nilikuwa na mkataba wa miezi mitatu na asasi moja ndogo iliyokusanya simulizi za wanawake wazee wa pwani ya Tanga kuhusu ardhi: nani alirithi shamba la minazi, nani alinyimwa, nani alitia dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Simulizi zilikuwa 41. Zilirekodiwa barazani na uani, watu wamekaa mkekani, kisha wachapaji watatu wakazisikiliza na kuzichapa kwenye kompyuta, kila simulizi na faili lake. Kabla ya kinasa sauti kuwashwa, kila mama aliambiwa maneno yaleyale: jina lako halitatoka, wala la mumeo, wala la shemeji yako. Mimi sikuwapo ahadi hiyo ilipotolewa. Nililetewa mafaili na orodha ya majina, nikaambiwa nibadilishe.

Siku ya kwanza nilifungua faili moja moja. Tafuta, badilisha, hifadhi, funga. Orodha ilikuwa na majina zaidi ya mia mbili, kwa sababu mtu akisimulia habari za shamba huwataja wajomba, mawifi, mjumbe wa nyumba kumi, mnunuzi na mashahidi wote. Zidisha majina hayo kwa mafaili 41, unapata kazi ya mara elfu nane na zaidi. Jioni nilimlalamikia rafiki yangu mmoja, fundi wa kompyuta. Akacheka.

"Kwa nini unafanya kwa mkono? Tumia sheli."

Kwetu sheli ni mahali pa kujaza mafuta. Kumbe kwao ni lile dirisha jeusi ambamo mtu huandika amri badala ya kubofya picha. Akavuta kibodi yangu, akaandika mstari mmoja:

for f in *.txt; do sed -i 's/Juma/Rashidi/g' "$f"; done

Maana yake ni hii: kwa kila faili la maandishi lililomo humu, tafuta herufi hizi nne, Juma, uweke Rashidi mahali pake, kila zinapotokea, kisha hifadhi juu ya faili lilelile. (Juma nalitaja bila wasiwasi. Ukiita jina hilo sokoni kwetu wanageuka watu wanne.) Nikabonyeza. Kabla sijaondoa kidole kazi ilikuwa imekwisha. Nikaandika skripti, yaani faili la amri zinazofuatana, yenye majina yote mia mbili, nikaiendesha, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nilifungua faili la kwanza. Mama alikuwa akieleza kwamba wanunuzi walifika shambani siku ya Rashidimosi, wakaondoka, wakarudi Rashidinne wakiwa na mashahidi.

Hilo lilinichekesha, na lilirekebishika, maana hakuna mtu aitwaye Rashidimosi. Kosa la pili halikuchekesha. Katika faili la kumi na tatu palikuwa na Rashidi wa kweli, ambaye jina lake halikuwamo kwenye orodha niliyopewa. Juma wa faili hilo aliuza shamba, na Rashidi alilinunua. Sasa Rashidi alikuwa amemuuzia Rashidi shamba, mbele ya shahidi Rashidi. Nilitaka kugeuza amri iende kinyumenyume, Rashidi awe Juma tena, nikatambua kwamba haiwezekani. Mito miwili ikishachanganyika, huwezi kuyaambia maji yarudi kila moja kwake. Na kwa kuwa amri ilihifadhi juu ya mafaili yaleyale, nakala ya awali haikuwapo. Nilikaa siku mbili na vipokea sauti masikioni, nikisikiliza simulizi ile upya, nikiandika kwa kalamu nani ni nani.

Baada ya hapo nilijifunza kuiambia amri itafute neno zima tu, si kipande cha neno. Nilijifunza kutengeneza nakala kwanza. Nikaona nimekwisha kuwa fundi.

*

Miaka kadhaa baadaye nilisoma historia ya amri ile, nikakuta kwamba mizizi yake imo katika kazi iliyo kinyume kabisa na yangu. Mimi nilikuwa natafuta kuficha majina. Wao walikuwa wanatafuta kufichua.

Kati ya mwaka 1787 na 1788 magazeti ya New York yalichapisha makala mfululizo za kuwashawishi wananchi waikubali katiba mpya ya Marekani. Zikafika 85. Zote zilikuwa na saini moja, Publius. Nyuma ya jina hilo la bandia walikuwamo watu watatu: Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Hamilton na Madison walikuwa wajumbe wa mkutano ulioiandika katiba hiyo, mkutano uliofanyika kwa siri milango imefungwa, na jina la kuazima liliwafaa. Hamilton alifariki mwaka 1804 baada ya kupigwa risasi katika pambano la bastola la watu wawili. Orodha aliyoiacha ya nani aliandika makala ipi haikupatana na ile ya Madison. Makala 12 zilibaki zikidaiwa na pande zote mbili, na wanahistoria wakabishana juu yake kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1964 wanatakwimu wawili, Frederick Mosteller na David Wallace, walitoa kitabu chenye jibu. Hawakuchunguza hoja za makala, kwa kuwa waandishi wote walitetea hoja zilezile. Walihesabu maneno madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kufikiri. Kwa Kiingereza, neno "upon" hujaa tele katika maandishi ya Hamilton na ni adimu kwa Madison. Pale Hamilton anapoandika "while", Madison huandika "whilst". Makala zote 12 zilionekana ni za Madison. Mtu anaweza kubadili jina lake, lakini viunganishi vyake humfuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, mtafiti aitwaye Lee McMahon alivutiwa na suala hilohilo la nani aliandika nini. Alikuwa na makala za Publius ndani ya kompyuta na alitaka kutafuta maneno humo. Chombo cha kuhariri kilichokuwapo kiliitwa ed, nacho hakikuweza kubeba maandishi marefu kiasi hicho. Mashine yao, PDP-11, ilikuwa na nafasi ya kumbukumbu ya kilobaiti 64 kwa programu moja. Simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa leo Kariakoo ina nafasi zaidi ya hiyo.

Brian Kernighan, aliyefanya kazi katika maabara hiyo, amesimulia jinsi Ken Thompson alivyoitatua shida hiyo kwa usiku mmoja. Thompson ndiye aliyekuwa ameandika ed yenyewe. Alichukua sehemu ya ed inayotafuta, akaitoa nje, akaifanya programu inayojitegemea, isiyohitaji kubeba faili zima. Hupitisha maandishi mstari baada ya mstari na kuchapa ile yenye neno linalotafutwa. Ndani ya ed amri ya kazi hiyo iliandikwa g/re/p: kila mahali, tafuta umbo hili, chapa. Programu ikaitwa grep. Imo katika kitabu cha maelekezo cha Unix cha mwaka 1973.

*

Ili kuelewa kwa nini vitu hivi vina umbo vilivyo nalo, inafaa kuwaza chumba bila skrini.

Waliotumia ed mwanzoni walikaa mbele ya teletaipu, mashine kama taipureta iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, ikichapa kwenye karatasi yenye kuviringishwa. Teletype Model 33 ilichapa herufi kumi kwa sekunde, kwa kelele. Ukiomba kuona ukurasa mzima unasubiri dakika kadhaa na unamaliza karatasi. Kwa hiyo hukuomba kuona. Ulitaja mstari, ukatoa amri ya herufi moja, ukanyamaza. Ukikosea, ed ilijibu kwa alama moja tu ya kuuliza, bila maelezo. Kila herufi iliyookolewa ilikuwa muda uliookolewa. Ndiyo sababu amri ya kubadilisha ni s na si neno zima.

Thompson alikutana na babu wa ed, programu iitwayo QED, akiwa chuoni Berkeley, ambako Butler Lampson na Peter Deutsch waliiandika katikati ya miaka ya 1960. Alipoiandika upya kwa mashine nyingine aliongeza kitu kimoja: uwezo wa kutafuta umbo la neno, si neno halisi pekee. Kwa mfano, "neno lolote linaloanza na ki na kuishia na u". Mwaka 1968 alichapisha makala fupi inayoeleza namna ya kuifanya kompyuta itafute maumbo hayo kwa haraka.

Wazo lenyewe halikuwa la uhariri. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walijaribu kueleza kwa hesabu jinsi seli za ubongo zinavyoweza kufikiri. Mwaka 1951 mwanahisabati Stephen Kleene aliichukua kazi yao, akatafuta lugha fupi ya kueleza ni mfuatano upi wa ishara ambao mtambo wa namna hiyo unaweza kuutambua. Alama ya nyota tunayoiandika leo kusema "rudia mara yoyote, hata sifuri" inaitwa kwa jina lake. Nililiona hili kuwa jambo la ajabu. Nyota niliyoibonyeza nikitafuta jina la mnunuzi wa shamba la minazi ilitoka kwenye jaribio la kueleza seli ya ubongo.

Baada ya grep watu walitaka inayofuata. Kama kuna programu ya kutafuta na kuchapa, basi iwepo ya kutafuta na kubadilisha. McMahon alianza na wazo hilo, lakini akaona mbele: leo wataomba ya kubadilisha, kesho ya kufuta, keshokutwa ya kuongeza. Badala ya kutunga programu moja kwa kila ombi, kati ya mwaka 1973 na 1974 aliandika moja inayojua amri nyingi za ed na kuzitekeleza juu ya maandishi yanayopita kama maji katika mfereji. Akaiita sed. Huchukua mstari mmoja, huufanyia yote yaliyoamriwa, huutoa, huusahau, huchukua unaofuata. Kwa njia hiyo urefu wa faili si kitu. Mashine ndogo inaweza kupitisha kitabu kizima kwa kuwa haishiki zaidi ya mstari mmoja mkononi.

Sed ya McMahon haikugusa faili la asili. Ilitoa maandishi yaliyobadilishwa upande wa pili, nawe ukayaweka unapotaka. Ile -i niliyopewa na rafiki yangu, inayoandika juu ya faili lilelile, ni nyongeza ya baadaye. Perl, lugha aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987, ilikuwa nayo kabla ya sed ya mradi wa GNU kuifuata. Kitanzi cha "for f in", kinachopita faili baada ya faili, tulikizoea kutoka katika sheli ya Stephen Bourne iliyosambazwa na Unix ya mwaka 1979. Ukiviunganisha vyote unapata mstari ule mmoja. Kila kipande kiliongezwa na mtu aliyetaka kupunguza taabu, na kila taabu iliyopunguzwa ilikuwa pia nafasi moja pungufu ya mtu kutazama anachokifanya.

Waliojikwaa hapo si mimi peke yangu. Kwenye miaka ya 2001 na 2002 ilionekana kwamba barua pepe za Yahoo, katika kujikinga na programu hatari, zilikuwa zikibadilisha kimyakimya herufi "eval" kuwa "review". Neno la Kiingereza la Zama za Kati, "medieval", likawa "medireview", na likazagaa kwenye tovuti na maandishi ya watu ambao hawakujua limetoka wapi. Mwaka 2012 msomaji mmoja wa riwaya kubwa ya Tolstoy, War and Peace, akitumia kifaa cha Nook, alikuta neno la ajabu mahali palipohusu kuwasha moto. Mchapishaji alikuwa ameandaa kitabu hicho kwa kifaa shindani cha Kindle, kisha akabadilisha kila "Kindle" kuwa "Nook" bila kukumbuka kwamba "kindle" ni kitenzi cha kale cha kuwasha. Jina la bidhaa likaingia katika Urusi ya enzi za Napoleon.

*

Sisi wenyewe tuliwahi kufanyiwa badiliko la jumla kabla kompyuta hazijafika.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Tarehe 1 Januari 1930 kamati ya lugha ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar ilianza kazi, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Miswada ya vitabu ilipitishwa mbele yake, tahajia ikanyooshwa, maneno ya lahaja yakawekewa ya Kiunguja. Kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu na kwa macho, ukurasa baada ya ukurasa. Ilituletea lugha moja ya kusomea, na wasemaji wa Kimvita na Kiamu wanajua walichokilipa.

Nililikumbuka hilo kwa sababu mmoja wa kina mama wetu alizaliwa Mombasa akaolewa Tanga. Msimamizi wangu alisoma simulizi yake, akaniuliza kama skripti ile haiwezi pia kuisanifisha, ili wasomaji wasisumbuke. Nilijaribu kwenye nakala. Kimvita husema "ndia" pale tunaposema njia, hiyo ilikubali. Lakini husema "ndoo" kwa maana ya njoo, na mama huyo alikuwa amesimulia pia habari za ndoo ya maji. Husema "kuteka" kwa maana ya kucheka, na katika simulizi yake wanawake walikwenda kisimani kuteka maji huku wakiteka. Amri yangu haikuwa na njia ya kujua nani anacheka na nani anachota. Nikamwambia msimamizi tuyaache maneno ya mama kama alivyoyasema. Alikubali. Nadhani ndio uamuzi pekee mzuri nilioufanya katika miezi ile mitatu.

*

Kijitabu kilichapwa nakala 60, kikagawiwa kwenye mkutano wa wilaya. Wiki tatu baadaye simu ilipigwa ofisini. Mjukuu wa mmoja wa kina mama alitaka kujua kwa nini jina la bibi yake limo ukurasa wa 23.

Niliposikia nilibisha. Nilikuwa nimekagua. Jina lake lilikuwa la maneno mawili, kama yalivyo majina mengi ya kike ya pwani, nami niliiamuru sed itafute maneno hayo mawili yakiwa na nafasi kati yake. Nilifungua faili, nikatafuta, hakuna kitu. Nikafungua kijitabu ukurasa wa 23. Jina lilikuwapo, zima, katikati ya sentensi.

Ilinichukua saa nzima kuelewa. Mmoja wa wachapaji wetu watatu alikuwa mama wa makamo aliyejifunza kazi kwenye taipureta. Kila alipofika ukingoni alibonyeza kitufe cha kushuka mstari, kama mkono wake ulivyozoea kurudisha gari la taipureta. Katika mafaili yake kila mstari ulikuwa mstari kweli. Mahali pamoja, pamoja tu, neno la kwanza la jina la bibi liliangukia mwisho wa mstari na la pili likaanza mstari uliofuata. Sed ilichukua mstari wa kwanza, ikaona nusu ya jina, haikulitambua, ikausahau. Ikachukua wa pili, ikaona nusu nyingine, haikuitambua. Ilifanya kile hasa McMahon alichoiundia: kushika mstari mmoja tu kwa wakati. Ina amri ya kuunganisha mstari na unaofuata, nami sikuijua. Kisha kijitabu kilipopangwa kwa ajili ya kuchapwa, mistari ilimwagwa upya kujaza ukurasa, na zile nusu mbili zikakutana.

Bibi huyo alikuwa na shauri katika baraza la kata. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alidai shamba ni la ukoo. Katika simulizi bibi alieleza bila kificho jinsi shemeji huyo alivyomletea karatasi ya kutia dole usiku wa arobaini ya mumewe. Kijitabu kikamfikia shemeji. Akakipeleka kwa wazee wa ukoo kuonyesha kwamba mjane anawatangaza kwa watu baki. Wazee wakaamua kwamba mpaka shauri liishe asiguse nazi za shamba lile. Nazi ndizo zilizokuwa zikimlisha.

Asasi ilizirudisha nakala 47 kati ya 60. Mimi niliomba nauli ya kwenda kuomba radhi.

Nilimkuta uani akisuka ukili, mjukuu wake yuko kando.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani. Ndiye wewe fundi wa majina?"

Nikasema ndiye. Nikamweleza kosa langu kwa kadiri nilivyoweza, mpaka habari ya mstari na mstari. Alisikiliza bila kuacha kusuka. Nilipomaliza alimwambia mjukuu wake asome ule ukurasa tangu mwanzo. Binti akasoma. Bibi akamsimamisha.

"Na huyu Bi Zuhura ni nani?"

"Ni wewe, bibi. Ndilo jina nililokuwekea."

"Uliniwekea lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeyatoa majina yote mia mbili kichwani mwangu, asubuhi moja, kutoka kwa shangazi zangu, walimu wangu wa shule na wachezaji wa mpira.

"Mtoto akizaliwa," akasema, "wazee hukaa wakashauriana jina. Mimi mtu mzima hivi nimepewa jina na mtu ambaye hajaniona." Hakupaza sauti. "Nilikuwa nalificha kwa shemeji yangu. Kwako sikulificha. Ungekuja ukaniuliza, ningekwambia nataka niitweje."

Nikamwuliza. Alifikiri kidogo, akanitajia jina la marehemu bibi yake mzaa mama, aliyempandia baadhi ya minazi ile. Silitaji hapa, maana ndilo lililomo katika kijitabu sasa.

*

Tulichapa upya. Safari hii niliwazungukia wasimulizi wote kwa basi na pikipiki, nikiwa na daftari. Wawili walikuwa wamekwisha fariki. Tuliwauliza watoto wao. Wanane walikataa kufichwa, wakataka majina yao yatoke kama yalivyo. Mmoja alisema alikwisha nyimwa shamba, hataki kunyimwa na maneno yake pia. Wengine walichagua. Nilijifunza pia kwamba orodha ya awali ilikuwa na upungufu ambao hakuna skripti ingeuona: mwanamke hapa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo ukimficha mama ukamwacha mtoto hujamficha mtu. Kulikuwa na kisima kinachoitwa kwa jina la mama mmoja, na mwembe pia.

Shauri la bibi liliisha mwaka uliofuata. Baraza lilimpa sehemu ya shamba, si lote. Nazi za ule msimu mmoja hakulipwa, na mimi ndiye sababu.

Bado nafanya kazi za namna hii. Kabla ya yote nanakili mkoba mzima wa mafaili na kuuweka pembeni. Naunganisha mistari iliyokatwa. Naendesha skripti kwenye nakala, kisha nalinganisha ya kale na mpya, badiliko kwa badiliko, ingawa huchukua siku nzima. Mwisho naendesha grep, nikitafuta kila jina nusu nusu: neno la kwanza peke yake, kisha la pili peke yake.

Grep isipopata kitu haisemi chochote. Hurudi tu kusubiri amri nyingine. Baada ya hapo huchapa karatasi zote, nikakaa na kalamu nikasoma.